Dirisha la kusaini bumu na somo lake lisiloandikwa
Kwa miaka 3 nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha umma jijini Dar es Salaam, nilihudumiwa katika dirisha la kusaini bumu, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na huduma hiyo naiona dhaifu kwa sababu ilitufundisha uraia kinyume na tulivyousoma darasani. Kozi ya Taaluma za Maendeleo ilitueleza haki na wajibu. Dirishani tulijifunza kunyenyekea. Siku moja mwenzangu aliyepanga foleni tangu alfajiri aliuliza kwa adabu kwa nini jina lake limerukwa, akajibiwa "njoo kesho", huku aliyepiga simu ndani akipitishwa mlango wa nyuma. Sisi tulionyamaza tulikuwa tumekwisha kuuelewa mtaala huo fiche: haki hupatikana kwa kujuana. Maktabani, katika chuo hichohicho, kiwango cha faini kilibandikwa ukutani, na mhadhiri aliyechelewesha kitabu alilipa sawa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba kanuni inaweza kumlinda mnyonge. Dirisha nalo libandike majina yenye kasoro pamoja na sababu zake, na aulizaye ajibiwe kwa maandishi.