Masomo ya sauti kuhusu teshuva: mazuri, ila hadithi moja imekatwa njiani

Nimemaliza mfululizo wa masomo ya sauti kuhusu teshuva, toba ya Kiyahudi, unaofundishwa na rabi mmoja kwenye intaneti. Kazi yangu ni kuwapokea watu wanaotoka gerezani, kwa hiyo mahubiri ya "nafasi ya pili" nimeyasikia hadi masikio yameota sugu. Mengi ni asali tupu. Haya yana makali, ndiyo maana nimeyapenda.

Somo la kwanza linaanzia kitabu cha Hesabu, sura ya 9. Watu waliotiwa unajisi na maiti walipitwa na Pasaka. Hawakunyamaza, walimwendea Musa na kumuuliza kwa nini wazuiliwe. Jibu likaja kwamba aliye najisi, au aliye safari ya mbali, ataiadhimisha mwezi unaofuata, siku ya 14. Rabi anatulia hapo, na ana haki: sheria hiyo ilitoka baada ya waliokosa kuidai wenyewe. Ninao watu wasiojua hata kama wanaruhusiwa kuuliza.

Uzito wenyewe uko kwa Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12, aliyezipanga sheria za toba katika sura 10. Toba kamili, kwake, ni mtu kukutana tena na kosa lile lile, uwezo wa kulitenda anao, naye akaliacha kwa sababu ametubu. Mwizi anayeacha uzeeni kwa kuwa magoti hayapandi tena ukuta, toba yake inapokelewa, ila si ya daraja hilo. Tena Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, haifuti alichomkosea mwenzake mpaka amrudishie mali yake na kumwomba radhi. Akikataliwa, anakwenda na watu watatu wamwombee, kisha mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo aliyekataa kusamehe ndiye mkosaji. (Isipokuwa umemkosea mwalimu wako, huyo unamwendea hata mara elfu.)

Kasoro kubwa ni somo la Resh Lakish, jambazi aliyegeuka mwanazuoni. Rabi anatuonyesha mwanazuoni Yohanan akimvuta kwenye Torati na kumwoza dada yake, kisha anafunga somo kwa furaha. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, haifungi hapo. Siku moja wawili hao walibishana ni lini upanga na kisu huhesabiwa kuwa vimekamilika kutengenezwa, Yohanan akamrushia kwamba jambazi anaujua ujambazi wake. Resh Lakish akaugua, akafa. Yohanan akarukwa na akili kwa majonzi, naye akafa. Mishna, sheria za kale ambazo Talmudi inazijadili, ilishakataza kumwambia aliyetubu, "Kumbuka matendo yako ya zamani." Mimi neno la namna hiyo nalisikia kazini, na mara nyingi linatoka kwa mtu mwema, tena kwa utani. Kuikata hadithi pale ni kuwanyima wasikilizaji nusu inayowahusu wao, wasiowahi kufungwa.

Somo la mwisho ni la kuandika malengo na kuvuta pumzi. Liruke.

Sauti ni safi, lakini majina ya Kiebrania yanapita mbio na hakuna maandishi ya kufuatia. Kama unamsindikiza mtu anayeanza upya, anza na masomo ya Maimonides, na muyasikilize pamoja na jamaa zake.