Ghosts of Saltmarsh kwa meza ya familia: uzoefu wangu hapa Mombasa

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kama nyumbani kwenu mnacheza Dungeons & Dragons, mmemaliza kisa cha boksi la wanaoanza, na nyinyi ni watu wa pwani, nunueni Ghosts of Saltmarsh. Si kitabu bora kuliko vyote. Kina kurasa nitakazozificha mpaka kitinda mimba wangu aote ndevu. Lakini katika vyote nilivyovipima, ndicho pekee ambacho watu wa nyumba hii waliweza kunibishia, na mchezo huu bila ubishi ni hadithi ya kusomewa tu.

Kwa wasioujua: mmoja huwa msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa na shaka hurushwa dadu, kuanzia ya pande 4 hadi ya pande 20. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na toleo tunalochezea sisi ni la tano, la mwaka 2014. Kanuni za msingi zinapatikana bure kwenye intaneti. Visa vya kucheza huuzwa vikiwa vimeandikwa tayari, na hivyo ndivyo ninavyovizungumzia.

Mezani kwetu, Kibokoni, msimulizi ni mimi. Wachezaji ni binti yangu wa miaka 15, mdogo wake wa miaka 8, mpwa wangu wa kike wa miaka 12 anayetoka Likoni feri ikimruhusu, na shemeji yangu, karani wa bandarini, aliyekuja mara ya kwanza kuwacheka watoto akabaki. Mamangu hana mhusika. Yeye hukaa kitini kwake akimenya viazi vya karai, na hutoa amri kuliko sisi sote.

Tunacheza Jumamosi baada ya alasiri, na adhana ya magharibi ikilia dadu zinawekwa. Ni saa mbili na ushei, hazizidi. Kwa hiyo kisa lazima kiwe na vituo, mahali pa kusimama bila mtu kubaki ananing'inia jabalini mpaka wiki ijayo. Tena kiwe cha kuvumilia watu kukosa, maana feri ni feri na zamu za bandarini hazimwulizi mtu. Sharti jingine ni la mamangu: hataki watoto wakae wakiomba miungu ya kubuni, hata kwa mchezo. Kanuni zina wahusika wa kidini wanaopata nguvu kwa miungu. Sisi tuliwageuza matabibu. Uwezo wa kuponya ni uleule, miungu haitajwi, na hesabu ya mchezo haikutetereka hata kidogo. Naliandika hili kwa sababu najua nyumba nyingi za mjini zitaliuliza kabla ya kuuliza bei.

Tulianzia Lost Mine of Phandelver, kile kisa cha boksi la 2014 chenye wahusika watano waliotayarishwa na safari ya ngazi ya 1 hadi ya 5 (ngazi ni kipimo cha nguvu za mhusika, hupanda kadiri anavyocheza). Hicho nakisifu bila masharti. Shida ilikuja kilipokwisha, kila mtu akataka lake.

Binti yangu alitaka Curse of Strahd, ya 2016. Nilikisoma chote. Ni kazi ya ustadi: nchi ya Barovia iko chini ya mnyonya damu mmoja, na ukungu hauachi mtu atoke. Nikamtazama mdogo wake. Angelala chumbani kwangu mpaka Ramadhani. Basi.

Dragon of Icespire Peak, ya boksi la Essentials Kit la 2019, nusura ishinde. Kazi zimebandikwa ubaoni katika mji wa Phandalin, ambao watoto walishaujua, wachezaji huchagua wenyewe, na nyingi huanza na kuisha kwa kikao kimoja, kwa hiyo asiyekuja hapotei. Boksi lina pia kanuni za wasaidizi, yaani wahusika wepesi wenye mambo machache ya kukumbuka, na lilitungwa hata msimulizi aweze kucheza na mtu mmoja tu. Kanuni hizo nimezibeba, ndizo zilizomwezesha mtoto wa miaka 8 kukaa mezani bila kudhoofika. Ila kisa chenyewe ni chembamba. Joka jeupe huruka huku na kule kwa amri ya dadu, jambo ninalolipenda, lakini watu unaokutana nao wengi hawana la kusema zaidi ya kukutuma. Halafu kuna theluji. Nilijaribu kueleza baridi ya mlimani kwa watoto ambao baridi yao ni upepo wa Julai pale Mama Ngina. Waliitikia kwa adabu tu.

The Wild Beyond the Witchlight, ya 2021, alikitaka mpwa wangu, na alikuwa na hoja: kimetungwa ili kila pambano liweze kukwepwa au kumalizwa bila upanga, kwa maneno, hila au wema. Sura ya kwanza ni tamasha la maajabu lenye mbio za konokono, mashindano ya kula vikeki na miereka na goblini, vile vijitu vikorofi vya ngano za Ulaya. Tuliicheza peke yake siku za Idi na hakuna aliyehitaji maelezo, kwa kuwa mtoto wa Mombasa anaijua Makadara ya Idi, na bembea zake, na vumbi lake, na yule mtoto aliyepotea akimlilia mamake. Mamangu mwenyewe alichagua konokono wake akamshangilia. Baada ya hapo nikasimama. Sura zinazofuata zimefungamana mno, mtu akikosa vikao viwili hajui yuko wapi, na mizaha mingi imekaa juu ya Kiingereza na ngano za Ulaya kiasi kwamba kila ukurasa ilibidi niuvunje niujenge upya. Mwenye muda na afanye. Mimi Jumapili nafua.

Ndipo tukafika Saltmarsh. Kitabu kilitoka 2019, na ndani mna visa saba vya baharini vya miaka ya nyuma, vimepangwa upya kwa kanuni za toleo la tano, kutoka ngazi ya 1 hadi kama ya 12. Cha kwanza, The Sinister Secret of Saltmarsh, kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1981. Nje ya mji mdogo wa wavuvi, juu ya jabali linalotazama bahari, kuna nyumba tupu. Mwenyewe alikuwa mwanaalkemia, hayupo miaka mingi. Watu wanasema ina mambo.

Goblini ilibidi niwaeleze. Nyumba tupu yenye sauti usiku sikumweleza mtu. Kila mmoja alikuwa na yake kichwani, ya mtaa gani na nani aliihama, na tukapoteza nusu ya kikao kwa masimulizi kabla mguu wa mtu haujakanyaga kizingiti. Sikuwakatiza. Mamangu akaweka peeler chini akasema hawaingii bila hodi, na hawali kitu humo. Wakapiga hodi. Kitabuni hakuna hodi, lakini kuna sauti za kichawi zilizotegwa kutishia wageni, nikaichukua moja ikawaitikia. Kitinda mimba alihamia mapajani kwa bibi yake na hakushuka mpaka chumba cha tatu.

Aya hii inafichua siri, anayetarajia kuwa mchezaji aipite. Kinachotisha watu pale zaidi ni magendo. Chini ya nyumba kuna mapango yanayoshuka mpaka ufuoni, na kuna chombo nje kinachosubiri ishara ya taa. Shemeji aliposikia mzigo unashushwa usiku akavuta kiti karibu, akauliza swali ambalo watunzi hawakuniwekea jibu: "Shemeji, maji hapo yako vipi? Bamvua au maji mafu?" Nikasema bamvua, ili nipate la kusema. Akawageukia watoto akawaeleza kwamba maji ya bamvua yakipwa hutoka mbali sana, na mashua iliyosogea mno ufuoni itakaa mchangani mpaka yajae tena. Wakaacha kuvamia. Wakalala jabalini wakisubiri maji yatoke, wapagazi wakakwama na mizigo mabegani, binti yangu akashuka na upinde wake. Kitabu kinatarajia mchukue mashua mkakivamie chombo huko huko majini, na kimekipangia hicho chombo ramani nzuri ya sitaha zote. Tuliitumia baadaye. Lakini lile la maji kupwa lilikuwa lao, na mpaka leo ndilo wanalosimulia kwa wageni.

Hilo ndilo ninalolipimia kitabu. Kwenye theluji na kwenye tamasha la maajabu mimi ndiye niliyejua, wao wakaniuliza. Kwenye bahari wao ndio waliojua. Mpwa wangu anavuka maji kila akija kwetu. Nikisema upepo umegeuka, kuna mtu ataniuliza kama ni kusi au kaskazi, na jibu langu linaamua kama wanaweza kuondoka au la.

Kisa cha pili, Danger at Dunwater, kinawapeleka kwa watu-kenge wanaoishi kwenye mabwawa ya pwani. Silaha za magendo zilikuwa zinaenda kwao. Mchezaji wa pupa ataingia akikata vichwa, na kisa kinamruhusu, kisha kinamfanya ajute, kwa sababu wale si adui wa mji: wanajikusanyia nguvu dhidi ya kabila kali la bahari kuu, watu-papa waitwao sahuagin. Mpwa wangu, aliyekuwa amenuna tangu nimkatalie Witchlight, alipata alichokuwa anakitafuta. Alikaa na wazee wa kenge kikao kizima akipatana, shemeji pembeni akimnong'oneza bei. Binti yangu aliyekuja kupigana alichoka wazi wazi, na sina dawa ya hilo. Mwenye wachezaji wa vita tupu aweke pambano moja la njiani, kama nilivyofanya wiki iliyofuata. Cha tatu, Salvage Operation, ni chepesi na kitamu: meli iliyotelekezwa inaelea, kuna sanduku la kutolewa ndani, na kuna pweza mkubwa. Swali la kwanza la mtoto wa miaka 8 lilikuwa kama pweza huyo atatosha supu ya mtaa mzima. Nilimruhusu arushe dadu.

Sasa kasoro, na zipo. Kitabu kina kanuni nyingi za vyombo, kuanzia mtumbwi wa makasia hadi manowari, na ni kazi ya mtu aliyependa hesabu kuliko bahari. Kila afisa wa chombo ana zamu yake na nambari zake, na watoto walianza kuchora pembeni mwa karatasi. Nimebakiza kasi ya chombo na uimara wake, mengine nimeyaacha. Jahazi halimo. Nilichukua nambari za meli ya tanga nikamwachia shemeji aliseme lenyewe, tezi na omo, foromali na ngama, likawa jahazi.

Tena visa saba vimeandikwa na mikono tofauti kwa nyakati tofauti, na uzi unaoviunganisha ni mji wenyewe na siasa zake: wenyeji wanaotaka mambo yabaki yalivyokuwa, watu wa mfalme wanaotaka bandari ikue, na kikundi cha siri kinachofaidi ugomvi wao. Sura ya mji ni nzuri sana, nimeisoma zaidi ya mara moja kwa raha yangu tu, lakini visa vyenyewe vinaisahau upesi, na kusuka ni juu ya msimulizi. Kwetu utengano huo ni faida, kila kisa kinafika mwisho wake na mtu akikosa kimoja anaingia kingine. Familia inayotaka hadithi moja ndefu itaudhika.

Na kuna giza. The Styes ni mauaji ya mfululizo katika mtaa uliooza wa bandari, na Tammeraut's Fate ni wafu waliozama wanaorudi. Kurasa hizo nimezibana kwa klipu.

Kitabu cha karatasi huku ni gharama, maana juu ya bei kuna usafirishaji, na changu kilifika kona imebonyea kutoka kwa muuzaji ambaye hajanijibu hadi leo. Nakala ya dijitali ni nafuu ila stima zikipotea mko gizani na joka. Nina karatasi.

La mwisho ni la ngazi, kwa kuwa ndilo lililozua kelele nyingi zaidi hapa ndani. Wahusika waliomaliza Phandelver wako ngazi ya 5, na Saltmarsh inaanza ya 1. Sisi tulianza upya, wale wa zamani wakawa wakubwa wa mji wanaotoa kazi, na kila mtoto ana haki ya kumsemea mhusika wake wa zamani akitokea. Kitinda mimba alilia siku moja akasahau. Kama kwenu hawatakubali kabisa, anzieni Isle of the Abbey, ambacho ni cha ngazi ya 5: mabaharia wanataka kujenga mnara wa taa kwenye kisiwa kilichojaa mifupa inayoinuka mchangani. Kinachezeka bila visa vilivyotangulia. Mtakosa tu ile nyumba, nayo mnaweza kuirudia na wahusika wapya siku ambayo mkubwa mmoja hayupo.