Waya wa spika: kwangua kwanza ndo utoe hela

Mwezi uliopita nilitoa 90,000 kwa waya wa spika wa mita tano, duka moja huku mjini Mwanza karibu na Makoroboi. Kijana akaniambia dada huu una pini za dhahabu, una na mishale ya kuonyesha muziki upite upande gani, besi utaisikia mpaka kifuani. Nikabeba. Nimefika Kirumba nimefunga, mziki ule ule. Nikageuza mishale, mziki ule ule. Nikamwambia mdogo wangu akae nyuma ya amplifaya abadilishe, mpya na wa zamani, asiniambie kaweka upi, mara kumi, nikapatia nne. Na umeme wa spika unaenda na kurudi, besi ya chini tu ni kama mara 50 kwa sekunde, sasa huo mshale unaelekeza nini jamani?

Hata Marekani 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa akifichua ulaghai, alitenga dola milioni moja kwa atakayetofautisha kwa sikio waya wa dola 7,250 na waya wa kawaida, hela ile haikuchukuliwa na mtu.

Ila kilichoniuma zaidi ni cha ndani. Nilikwangua uzi mmoja kwa wembe, wekundu ukatoka, chini nyeupe pee. Alumini imepakwa shaba! Alumini inazuia umeme zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, ukiikaza kwenye skrubu nyuzi zinakatika, halafu na unyevu wetu huu wa ziwani ncha inachakaa, inalegea, spika inaanza kukwaruza na wewe unabeba amplifaya nzima kwa fundi. Hiyo dhahabu ya kwenye pini haishiki kutu kweli, ila waya unaoingia humo ndo huo huo.

Namba moja kwangu ni Africab, waya laini wa shaba wa 1.5 (yaani unene wa milimita za mraba 1.5), unakatiwa kwa mita duka la vifaa vya umeme, usiende la redio. Naipendelea na sifichi. Mita tano kwenda na kurudi ukinzani wake, yaani unavyozuia umeme, ni kama omu 0.12, spika ya omu 8 haiusikii.

Namba mbili ule wa plastiki angavu wenye mstari mwekundu, ila ukwangue. Ukiona nje nyeupe ndani nyekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, chukua tu.

Waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha na sauti kwenye TV, ukiwa mfupi nunua wa kawaida, picha ikija bila chenga imekuja. Zile za buku mbili zinazoning'inizwa dukani, hapana.

Na wauzaji, kwa nini mnakataa tusifungue pakiti? Waya wa laki kasoro unauzwa kwa picha ya boksi, ukirudi kesho yake unaambiwa mzigo ukitoka haurudi. Hata huo wa mita, pima pale pale kaunta, mimi wa mita kumi niliupima nyumbani kwa futi ya cherehani ukaishia tisa na robo.