Darubini ya laki tatu na nusu: nilimgombeza muuzaji bure (ila si kwa yote)

Niliinunua Kariakoo Novemba 2025, nikapanda nayo basi la Tanga nimeipakata kama mtoto mchanga. Kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 70, urefu wa fokasi (kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) milimita 700, na boksi limeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba inakuza mara 525.

Usiku wa kwanza nikailenga sayari ya Zohali. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Pete zile nimezichora ubaoni miaka na miaka. Nachungulia, pete hakuna! Kuna kidoa cha rangi ya samli, na uzi mwembamba umetokeza huku na huku, kama shanga iliyotungwa. Nikampigia kijana wa dukani saa ileile, nikamwambia kaniuzia bomba la plastiki. "Mama, zote ndivyo zilivyokuja," akanijibu kwa upole.

Hakuwa na kosa. Kila baada ya miaka 15 hivi, pete za Zohali hutukalia ubavu, tukaona ukingo wake tu, na 2025 ndio ulikuwa mwaka wenyewe. Kutoka ukingo hadi ukingo ni zaidi ya kilomita 270,000, lakini unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Mwalimu mzima nilisahau! Nimemwomba radhi. Zitafunguka kidogo kidogo, na mnamo 2032 zitakuwa wazi kabisa, Mungu akitupa uhai.

Ila kwa ile 525 siombi radhi. Chukua ule urefu wa fokasi, 700, gawanya kwa milimita 4 za lenzi ndogo kabisa ya jicho (ile unayochungulia), upate 175. Zidisha kwa lenzi ya kuongezea mara tatu waliyoitia humo. Hesabu ni sahihi, picha ni uji. Kioo cha milimita 70 kikishavuka mara 140 hivi, unachokuza ni ukungu. Mimi natumia lenzi mbili: ya milimita 25 kutafutia (mara 28) na ya milimita 10 kuangalizia (mara 70).

Lililonikera hasa ni kichujio cha Jua. Ni kikebe cheusi kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, palepale joto linapokusanyika. Kikipasuka kwa joto, jicho liko hapo hapo. Nimekiponda kwa nyundo mjukuu wangu akitazama, aelewe kwamba sitanii.

Stendi ni nyepesi mno. Upepo wa bahari ukivuma, sayari inacheza ngoma. Nimening'iniza kidumu cha lita tano chenye maji katikati ya miguu yake, imetulia. Na kitu kikiwa utosini bomba hugonga mguu wa stendi, basi subiri kishuke.

Januari hii tumehamia sayari ya Mshtarii. Kwa mara 70 unaiona mistari yake miwili na ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mjukuu anaichora kila usiku kwenye daftari la hesabu. Juzi alipata mitatu, akanituhumu nimeigusa darubini. Nikamwambia Io, mmoja wa miezi hiyo, huizunguka sayari kwa saa 42 na ushei, huenda umejificha nyuma. Hakuridhika, kesho yake alikuwa uani kabla ya isha, akahesabu minne, ndipo akaniamini.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na kile kichujio.