Siki nyeupe kwa nguo zenye harufu ya omena: inafanya kazi, lakini iweke baada ya sabuni

Hii riviu naandikia watu wa Kisumu na yeyote aliye na mtu nyumbani anayeshughulika na samaki, awe anauza, anapara, anakaanga ama anabeba magunia. Kitu naongelea ni siki nyeupe, ile vinega ya kawaida inakaa kwa supa karibu na chumvi na tomato sosi. Si ya kufulia, ni ya kupikia, na chupa ndogo haifiki mia mbili. Mamangu anauza omena, wale samaki wadogo wadogo wa ziwani, kwa soko la Kibuye hapa Kisumu na nguo zake ndio mimi nafua, kwa hivyo nikisema kitu hapa nimekiona kwa beseni yangu.

Wacha kwanza tuelewane kuhusu shida yenyewe, juu watu wanapoteza pesa hapo. Dera la mtu wa omena limebeba vitu viwili tofauti. Kuna mafuta, kwa sababu omena ni samaki wa mafuta na ukishinda ukipimia watu kwa gorogoro yale mafuta yanapanda kwa mikono, yanaenda kifuani, yanaingia kwa leso uliyojifunga kiunoni, na yakikaa yanachacha. Halafu kuna ile harufu yenyewe kali ya kupanda puani, hiyo inatoka kwa kemikali zinaitwa amini ambazo zinatokea samaki akianza kuharibika. Amini ni za upande wa alkali na sabuni pia ni alkali. Ndio maana unapaka sabuni ya kipande, unasugua, na badala ya harufu kupungua inaamka kabisa mpaka mtu wa mlango wa pili anajua leo unafua nini. Si ati sabuni ni mbaya, sabuni inatoa mafuta vizuri sana, ila hizo amini haiziwezi, inazisukuma tu hewani na zingine zinabaki kwa uzi.

Siki ni asidi. Ikikutana na amini inazigeuza kuwa chumvi, na hiyo chumvi hairuki hewani, inayeyuka kwa maji na unaimwaga. Ni ile kitu mama zetu wanafanya siku zote, wakimaliza kupara samaki wanasugua mikono na ndimu. Lakini ndimu za kutosha beseni nzima ni gharama, na asidi ya ndimu haikauki ikaisha, usiposuuza vizuri inabaki kwa kitambaa. Siki yenyewe inapotea hewani nguo ikikauka. Wenye wanaogopa kunuka kama kachumbari wasiwe na wasiwasi, ukianua hakuna harufu ya siki imebaki.

Sasa mpangilio, na hapa ndio nataka mnisikize vizuri. Kung'uta nguo nje kwanza ikiwa kavu, geuza mifuko, angalia pindo la chini na mishono, utapata vipande vya omena na magamba madogo yanang'aa kama glita, hayo yakibaki hata ufue na nini harufu itarudi. Kisha maji baridi. Tafadhali yawe baridi, haswa kama kuna damu ya samaki, juu maji moto yanaivisha protini na doa linashika moja kwa moja. Ukishamwaga maji ya kwanza sasa paka sabuni ya kipande, sugua kwapani, kifuani na kwa mkono, uache ikae kidogo, kisha suuza mpaka maji yatoke bila povu. Halafu ndio siki: kikombe kimoja cha chai kwa maji ya lita tano hivi, zamisha nguo yote, wacha nusu saa, suuza mara ya mwisho, anika juani ikiwa imegeuzwa ndani nje. Jua la Kisumu ni kali na hiyo ni faida, nguo ikikauka haraka bakteria hazipati nafasi.

Usimwage siki ndani ya maji ya sabuni. Nimeona hii ushauri mahali pengi na si kweli inasaidia. Asidi inavunja sabuni inarudi kuwa mafuta, unaona maji yanaganda vitu vyeupe vyeupe, na hayo yote yanashikana na nguo. Vile vile kuchanganya siki na baking soda, linatoka povu kubwa la kufurahisha macho lakini asidi na alkali zimemalizana zenyewe, unabaki na maji tu yenye chumvi kidogo. Kama unataka kutumia zote mbili, tumia kila moja wakati wake.

Na hii ya pili ni ya usalama kabisa: siki na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini, ile wengi tunaita jiki, HAZIKUTANI. Si kwa beseni moja, si moja baada ya nyingine kabla hujasuuza. Zinatoa gesi ya klorini na hiyo inaumiza mapafu. Wengi wetu tunafulia kwa bafu dogo lisilo na dirisha na mtoto yuko mgongoni, kwa hivyo nawaomba, mwambieni hata mama fua anayekuja kwako kabla hajaanza kazi.

Mahali siki imenifurahisha zaidi ni kwa nguo za polyesta, hizi madera laini na jezi. Pamba inaachilia harufu kirahisi, lakini polyesta inapenda mafuta na inayashika, unaeza kuifua inanuka vizuri ikiwa kwa kamba, halafu unapiga pasi na ule moto unaamsha omena upya. Kipimo changu ni hicho, pasi kwapani na kwa mshono wa kifua. Zikipita sabuni kisha siki, pasi inapita na hakuna kitu kinapanda. Kwa nguo ambayo imekaa miezi na mafuta yamechacha ndani, mara moja haitoshi, rudia yote kuanzia sabuni, usiongeze tu siki.

Imesaidia pia mitumba ya Kibuye yenye ile harufu ya belo, na nguo za msimu wa mvua zilizokaukia ndani zikaanza kunuka unyevu. Hapo hata nusu kikombe kwa maji ya kusuuza inatosha.

Mahali haisaidii niseme wazi. Utomvu wa ndizi haujali siki. Mafuta ya kukaangia samaki aina ya mbuta, hapana, hiyo ni kazi ya sabuni. Damu iliyokauka inataka sabuni ya unga yenye vimeng'enya, soma pakiti uone kama imeandikwa enzymes, uloweke kwa maji ya uvuguvugu. Na softena yenye manukato usiinunue kwa kazi hii, inaweka utando juu ya uzi na kufunika harufu kwa siku moja, jasho likitoka unapata maua na omena kwa pamoja, na hiyo ni mbaya kuliko omena peke yake.

Ukinunua, hakikisha ni nyeupe, ile ya kahawia inaeza kuacha rangi. Angalia chupa kama asidi ni asilimia 4 ama 5, hiyo ndio ya kawaida. Usilaze nguo ndani usiku mzima, haswa zenye lastiki na zipu za chuma, na nguo ya rangi ijaribu kwanza kwa pindo la ndani. Mimi naipa nyota nne kwa tano, moja nimetoa kwa sababu chupa ndogo inaisha haraka ukiwa na nguo za kazi za kila siku. Ile ya lita tano kwa duka la jumla inakuja nafuu zaidi, na wamama watatu wa soko moja wakichanga wanagawana bila shida.