Kikapu cha mdomo cha mbwa mkubwa: miezi minane ya kukitumia, nakipa nyota nne

Naandika hii kwa wenye mbwa wakubwa manake nimehangaika sana kabla sijapata kinachofaa. Mbwa wangu ni chotara, mama ni mbwa wa aina ya Rottweiler baba hajulikani, ana kilo 43, na kila anayemuona swali ni lile lile, huyu anauma? Siku hizi najibu hivi, mbwa yeyote mwenye meno anaweza kuuma, mdogo akikuuma labda unaosha kidonda na kwenda kuchomwa sindano, huyu wangu akikuuma unashonwa. Ndo maana nikanunua kikapu, yaani kile cha kumvalisha mdomoni asiume.

Cha kwanza kilikuwa cha kitambaa, kile kinachobana mdomo kama soksi. Usinunue kwa matembezi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi nje, sasa umemfunga mdomo halafu unatembea naye juani dakika ishirini, joto lote linabaki ndani. Wangu alianza kuyumba na ute mzito unamtoka pembeni ya mdomo, nikakivua pale pale njiani huku mikono inanitetemeka. Kile ni cha kwa daktari wa mifugo, dakika mbili tatu za sindano, basi.

Hiki cha sasa ni cha plastiki laini yenye matundu, kinafanana na kikapu kweli. Ndani anaachama, anahema, anakunywa maji, na kipande cha nyama unampa kwa kupenyeza kwenye tundu. Kipimo ndo kila kitu, pima urefu wa pua kuanzia chini kidogo ya macho mpaka ncha, halafu mzunguko wa mdomo, ila mzunguko mpime akiwa amefungua mdomo anahema, ukimpima amefunga utaletewa kidogo. Chukua chenye mkanda wa katikati ya macho unaopita juu ya kichwa, wangu wiki ya kwanza mkanda ule nilikuwa sijaufunga akakivua kwa mguu wa mbele mara moja tu. Na usimvalishe siku ya kwanza! Mimi niliweka minofu ya kuku ndani akaingiza pua mwenyewe, siku kumi hivyo hivyo bila kufunga, sa hivi akikiona anakuja anatingisha mkia.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mkanda wa shingoni ulianza kutoka nyuzi mwezi wa tano, na kwa juu kinamchubua pua, nimebandika sponji.

Kingine ni boksi lake. Limeandikwa cha mbwa wa mbegu hatari, yaani aina ya mbwa inayosemwa ni kali, na picha ya pit bull, moja ya aina hizo, amekenua meno. Hapa sikubaliani kabisa, na sisemi kwamba mbegu haina maana. Marekani walihesabu vifo vya watu walioshambuliwa na mbwa kati ya 1979 na 1998, katika 238 ambavyo mbegu ilijulikana, Rottweiler na jamii ya pit bull walihusika zaidi ya nusu. Ila orodha ile ile ina aina zisizopungua 25. Watafiti wengine huko huko wakachambua vifo 256 vya 2000 mpaka 2009, wakakuta asilimia 87 hakukuwa na mtu mwenye nguvu karibu wa kuingilia, asilimia 84 mbwa hakuhasiwa, asilimia 76 mbwa alikuwa anafugwa mbali na maisha ya familia. Uingereza wana sheria ya mbegu tangu 1991, na XL Bully, mbwa mkubwa wa jamii ya bully, akaongezwa mwishoni mwa 2023, kule akitoka nje bila kamba na kikapu ni kosa. Sawa, lakini hiyo ni nje ya nyumba.

Mimi kilichonitisha kimetokea ndani ya nyumba. Mtoto wa dada yangu, miaka minne, anampenda huyu mbwa kupita kiasi, akamfuata kwenye bakuli anakula akamkumbatia shingo. Mbwa akaacha kutafuna. Akaganda vile, kichwa hakijageuka ila jicho limemgeukia mtoto mpaka weupe unaonekana, halafu akanguruma, ngurumo ya chini ambayo unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Dada akamnyanyua mtoto. Kikapu kilikuwa kinaning'inia msumarini nyuma ya mlango, kizima kabisa, kimefutwa vizuri.

Shemeji akasema mchape asingurume tena. Nikakataa na naomba mnielewe wenye watoto, ukimchapa kwa kunguruma hofu haitoki, kinachotoka ni onyo, safari nyingine ataruka kimya kimya. Watoto wadogo wanaumwa zaidi na mbwa wanaowajua, nyumbani, usoni na shingoni kwa sababu ya kimo chao. Na boksi lote hakuna hata mstari mmoja kuhusu mtoto na bakuli la chakula, wameweka picha ya pit bull.

Kwa hiyo kwa barabarani, kwa daktari, kwenye lifti, nunua, nitanunua tena hiki hiki na mkanda wa akiba. Nyumbani nimeweka geti dogo mlango wa jikoni, anakula nyuma yake peke yake, na mgeni mwenye mtoto akija geti halifunguliwi mpaka bakuli limeondolewa.