Leseni ya Minnesota yenye nyota: ina thamani ya usumbufu wake?

Nimeziweka mezani leseni mbili za udereva: yangu ya REAL ID, yaani ile inayotimiza masharti ya serikali kuu ya Marekani, na ya kawaida ya shemeji yangu. Kwa macho, tofauti kubwa ni kanyota pale juu. Bei ni ileile, na askari akikusimamisha barabarani zote ni halali. Nyota huanza kufanya kazi ukifika kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege.

Hapa Marekani leseni ni mali ya jimbo, na Washington haina mamlaka ya kuliamuru jimbo liitoe vipi. Basi sheria ya REAL ID ya mwaka 2005 ikapitia mlango wa nyuma: toeni kadi mnazotaka, ila isiyotimiza masharti yetu hatutaitambua kwenye ndege wala majengo fulani ya serikali kuu. Minnesota ikagoma. Mwaka 2009 ilipitisha sheria ya kuikataza idara yake yenyewe kutekeleza jambo hilo, ikaja kulegea 2017. Hata Washington iliahirisha kuanza kuitekeleza weee, hadi 7 Mei 2025. Ubabe wa pande zote mbili, na anayepanga foleni ni mimi.

Kwenye leseni ya kawaida, jimbo bado ndilo lenye kauli. Tangu Oktoba 2023 Minnesota inaitoa bila kuuliza hali yako ya uhamiaji. REAL ID lazima uthibitishe kwamba uko nchini kihalali. Kwa hiyo jimbo linaweza kukukabidhi barabara, serikali kuu ikakunyima anga.

Huduma yenyewe? Karani alikuwa mpole, lakini grinikadi yangu (kadi ya ukaazi wa kudumu) ina jina la baba na leseni ya zamani ina la mume. Akanirudisha nyumbani nikalete cheti cha ndoa. Hilo lingeandikwa kwa herufi kubwa mlangoni! Niliporudi, aliikata kona leseni yangu ya zamani, akanipa karatasi ya njano ya kuendeshea hadi kadi ije kwa posta. Karatasi hiyo haikupandishi ndege. Nilisafiri kwenda harusini Dallas kwa pasipoti yangu ya Kenya, na wakaguzi hawakuguna.

Naipa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa hiyo karatasi. Kama pasipoti yako haijaisha muda, usikimbilie. Ngoja leseni iishe, uombe yenye nyota wakati wa kuhuisha.